KISUKARI: TUSIPIME SUKARI TUKASAHAU MAFUTA

Oldonyo Sambu ni kata iliyo kaskazini-magharibi ya Mlima Meru, kandokando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Namanga. Ni upande mkavu wa mlima. Mvua iliyo nene humwagikia kusini na mashariki, na huku hubakia upepo, vumbi, mahindi na maharage ya kubahatisha, na mifugo. Wenyeji wake ni Waarusha na Wamasai, watu ambao kwa vizazi vingi chakula chao kimekuwa maziwa, nyama, na loshoro, yaani mahindi yaliyochemshwa na kuchanganywa na maziwa ya mgando. Kwa msomaji wa visiwani, aliyezoea wali wa nazi, muhogo, samaki na tui, mahali hapo ni mbali na mapishi yake ni mageni. Hata hivyo ugonjwa tunaotaka kuuzungumzia leo haukujali umbali huo. Umepanda mlima na umevuka bahari.

Tunasema juu ya kisukari. Tena tunasema juu ya sehemu yake ambayo haizungumzwi vya kutosha, si barazani wala katika baadhi ya zahanati zetu, nayo ni mafuta yaliyomo ndani ya damu. Jina lenyewe la ugonjwa limetupotosha. Kwa kuwa unaitwa kisukari, mgonjwa huacha sukari katika chai, akajiona amemaliza wajibu wake; na mhudumu humchoma kidole, akasoma tarakimu, akamwambia arudi mwezi ujao. Laiti ugonjwa ungeitwa kwa jina la mafuta, yamkini tungekuwa tumeutazama kwa jicho jingine.

Tuanze na jambo ambalo wataalamu wa dunia walilijia huku kwetu wenyewe. Mwaka 1964 Dk. George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 400 wa Kimasai wa Tanganyika. Walitarajia kukuta damu iliyojaa mafuta, kwa sababu watu hawa waliishi kwa maziwa na nyama. Walikuta kinyume chake: kolesteroli ilikuwa chini, na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa haba mno. Mwaka 1972 Mann akachapisha tena, safari hii baada ya kuchunguza maiti 50. Mishipa ya marehemu hao ilikuwa na magamba ya mafuta kama ya watu wengine, lakini mishipa yenyewe ilikuwa mipana, na damu ilipita. Mabishano juu ya sababu hayajaisha hadi leo. Wako wanaosema ni mwendo, kwani mchungaji hutembea kutwa nzima. Wengine husema ni magome na mizizi itiwayo katika supu, kama olkiloriti, ambayo wazee hawali nyama bila ya kuwa nayo. Wengine husema ni asili ya damu yao. Sisi twaona kwamba huenda kila mmoja ana sehemu ya haki.

Lakini mchungaji wa mwaka 1964 siye mkazi wa Oldonyo Sambu wa leo. Malisho yamepungua, ukame umerudi tena na tena, na ule wa mwaka 2009 uliteketeza mifugo mingi katika nchi ya Wamasai pande zote mbili za mpaka. Nyumba iliyokuwa na ng'ombe wengi ina wachache. Pengo la maziwa limejazwa na ugali, chai yenye sukari nyingi, maandazi, na mafuta ya kupikia yauzwayo kwa kipimo kidogo dukani. Kijana aliyekuwa akitembea nyuma ya kundi sasa yuko juu ya pikipiki. Hatusemi haya kwa kumlaumu. Pikipiki ni kazi, na kazi ni heshima. Twasema tu kwamba mwili uliozoea kuchoma mafuta kwa miguu sasa unayaweka akiba, na akiba hiyo ina gharama yake.

Takwimu za taifa zinaonyesha mwendo huo. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania, wakakuta kwamba katika kila watu wazima mia moja hakufika hata mmoja mwenye kisukari. Ilikuwa asilimia 0.9 tu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1. Ni kweli kwamba vipimo na umri wa watu waliopimwa katika chunguzi hizo mbili havikuwa sawasawa, na mijini palihesabiwa katika ule wa pili. Kwa hiyo si haki kusema kuwa ugonjwa umeongezeka mara kumi. Bali hata ukipunguza kwa ukali, ongezeko linabaki kubwa, na halikufungwa ndani ya miji.

Sasa mafuta yanaingiaje? Mwili wa binadamu una ghala la mafuta, na ghala hilo lina mlango. Mtu akikaa na njaa, mlango hufunguka, na asidi za mafuta hutoka kuingia damuni ili misuli na moyo vipate kuni za kuchoma. Akila, kongosho humwaga insulini, na insulini huufunga mlango ule, wakati huohuo ikifungua mwingine: mlango wa misuli, ili sukari ipite. Huo ndio mpango wa mwili wenye afya, zamu kwa zamu, kama walinzi wawili wanaopokezana lindo.

Kwa mwenye kisukari cha ukubwani zamu hizo huvurugika. Insulini ipo, lakini sauti yake haisikiki vizuri. Mlango wa ghala hubaki wazi hata baada ya kula, na damu hubeba asidi za mafuta saa ambayo ilipaswa kubeba sukari peke yake. Mwaka 1963 Philip Randle na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walieleza kwamba misuli inayochoma mafuta huikataa sukari. Watafiti wa baadaye walisahihisha jinsi jambo hilo linavyotendeka, wakionyesha kwamba mafuta yaliyorundikana ndani ya misuli huzuia sukari isiingie tangu mlangoni, lakini kiini cha neno la Randle kimesimama. Nalo ini, likilemewa na mafuta, hutengeneza sukari zaidi na kuimwaga damuni hata usiku mgonjwa akiwa amelala bila ya kula kitu. Ndiyo maana wagonjwa wengi hulalamika kwamba walilala na njaa wakaamka na sukari iliyo juu, na jirani asiyejua huwatuhumu kwamba waliiba chakula usiku. Wasituhumiwe. Kongosho lenyewe, likikaa muda mrefu katika damu ya namna hiyo, huchoka na kupunguza insulini yake. Basi mafuta hupandisha sukari, sukari isiyotawaliwa hupandisha mafuta, na mgonjwa amesimama katikati.

Kwa mtoto au kijana mwenye kisukari kile ambacho kongosho halitoi insulini kabisa, habari ni fupi na ni kali zaidi. Asipopata insulini, mlango wa ghala huwa hauna mlinzi kamwe. Mafuta humiminika, ini huyageuza kuwa tindikali, mtoto huanza kutapika, pumzi yake ikawa na harufu kama ya matunda yaliyoiva mno, kisha akapoteza fahamu. Mara nyingine hudhaniwa ni malaria, na saa za kuokoa maisha hupotea. Hapa hapana suala la mazoezi wala la aina ya chakula. Pana suala la chupa ya insulini kuwapo kituoni, na kuwapo mahali pa baridi pa kuiweka.

Turudi kwa watu wazima, kwani ndio wengi. Iko dhana iliyoenea, nasi twaiona kuwa ndiyo inayodhuru kuliko zote, kwamba mafuta ya damuni hutokana na mafuta ya sufuriani tu. Sivyo. Ini la binadamu ni kiwanda. Ukilipa sukari na wanga kupita mahitaji ya mwili, hutengeneza mafuta, hasa asidi iitwayo palmitiki, na kuyapeleka damuni kwa umbo la trigliseridi. Mtu aweza kula ugali mkubwa na mboga za majani zisizo na tone la mafuta, akanywa chai tatu zenye sukari, na damu yake ikawa nzito kwa mafuta. Madaktari husema trigliseridi ya mtu aliyefunga kula ingefaa kuwa chini ya milimoli 1.7 kwa lita. Ni wagonjwa wangapi wa kisukari vijijini ambao wamewahi kuambiwa tarakimu yao? Tunajua jibu halitapendeza.

Na si kila asidi ya mafuta ina tabia moja. Mwaka 2014 uchunguzi mkubwa wa nchi za Ulaya ulioongozwa na Nita Forouhi wa Cambridge ulionyesha kwamba watu wenye wingi wa asidi za palmitiki na steariki damuni walipata kisukari zaidi, ilhali wenye wingi wa asidi zile zenye idadi witiri ya kaboni, ambazo kwa sehemu kubwa ni alama ya maziwa, walipata kidogo zaidi. Mwaka 2018 mkusanyiko wa chunguzi 16 wenye watu zaidi ya 63,000 ulitoa sura hiyohiyo kwa mafuta ya maziwa. Alama si sababu, na hao walikuwa watu ambao hawajaugua bado. Lakini mzee wa Oldonyo Sambu ambaye mwanawe amemkataza maziwa ya mgando huku akimwongezea maandazi, apewe haki yake katika jambo hili.

Tuvuke sasa kwenda kwa wala samaki, ambao wasomaji wetu wengi wamo. Mwaka 1996 watafiti wa Italia wakiongozwa na Paolo Pauletto walichapisha uchunguzi uliofanywa Ludewa, kusini mwa nchi yetu. Waliwalinganisha watu 622 wa kando ya Ziwa Nyasa, ambao samaki ndio chakula chao cha kila siku, na watu 686 wa Lugalawa milimani, ambao hula mimea. Wala samaki walikuwa na asidi za omega-3 nyingi zaidi damuni, trigliseridi na kolesteroli pungufu, na shinikizo la damu lililo chini kuliko ndugu zao wa milimani. Kwa hiyo dagaa wa visiwani, ambao hukaushwa na kununuliwa na wafanyabiashara wa hadi Kongo, ni chakula cha thamani kubwa kuliko bei yake, nasi hatuoni aibu kuwasifu.

Ila tusitoke hapo tukaingia katika uzushi. Kwanza, Wamasai kwa desturi hawali samaki, na hakuna azimio la kikao chochote litakalowafanya wapende dagaa kwa amri. Pili, uchunguzi wa mwaka 2011 kwa Wamasai wa Kenya ulikuta omega-3 nyingi katika chembe zao nyekundu za damu ingawa chakula chao kilikuwa nazo kidogo. Maumbile yana njia zake. Tatu, na hili ndilo la kuzingatiwa na wenye kununua vidonge vya mafuta ya samaki kwa fedha za ada ya shule: mwaka 2018 uchunguzi wa Uingereza uliowafuata wagonjwa wa kisukari 15,480 ulionyesha kwamba gramu moja ya mafuta hayo kila siku haikuwapunguzia maradhi ya moyo na kiharusi. Mwaka uliofuata, majumuisho ya majaribio 83 yalikuta kwamba vidonge hivyo havibadilishi kwa maana yoyote kisukari wala sukari ya damu. Samaki sahanini mahali pa nyama ya mafuta au chapati za kukaanga ni jambo moja. Kidonge juu ya chapati zilezile ni jambo jingine.

Mkoa wa Arusha una sababu ya kulikumbuka jambo la tiba za haraka. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na miongoni mwa maradhi yaliyotajwa kupona ni kisukari. Hakuna ushahidi uliowahi kuonyesha kwamba kikombe kile kiliponya kisukari, na walioacha insulini zao kwa imani hiyo walikuwa hatarini kwa sababu tulizozieleza. Mzee huyo alifariki mwaka 2021. Hatutaki kumcheka yeye wala waliomwendea. Mtu anayetembea siku nzima kufuata kipimo asikipate, akaambiwa arudi, akarudi asikipate tena, huyo ameshafundishwa kutafuta kwingine. Foleni ya Samunge ilikuwa pia hesabu ya mapungufu ya huduma, na viongozi wengine walipita katika foleni hiyo bila ya kuisoma.

Je, sera inaweza kubadili mafuta ya damu ya umma mzima? Inaweza, na mfano wake ni wa wenzetu wa kisiwani. Mauritius, mnamo mwaka 1987, Serikali ilibadili mafuta ya kupikia ya bei nafuu yaliyokuwa yakigawiwa wananchi; badala ya kuwa ya mawese kwa wingi, yakawa ya soya. Walipopima tena mwaka 1992, kolesteroli ya watu wazima ilikuwa imeshuka kwa karibu asilimia 15. Sahihi moja ya waziri ilifanya kazi ambayo mihadhara elfu isingeifanya. Yafaa lakini kusema na upande wa pili: kisukari chenyewe hakikupungua Mauritius, kiliendelea kupanda ingawa mafuta yalibadilika.

Kwetu, Serikali imehimiza alizeti Singida, Dodoma na Simiyu, na imehimiza pia michikichi Kigoma, ili tuache kutumia fedha za kigeni kuagiza mafuta. Lengo la kujitegemea hatulipingi; tunaliunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo mafuta ya mawese karibu nusu yake ni asidi ya palmitiki, na ya alizeti ya kawaida zaidi ya nusu ni linoleiki. Mwaka 2016 majumuisho ya majaribio 102 ya ulishaji yalionyesha kwamba kuweka mafuta ya namna ya linoleiki mahali pa wanga au mafuta magumu hushusha kidogo kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya asilimia kwa kila badiliko dogo. Ni kidogo kwa mgonjwa mmoja, ambaye lengo lake kwa kawaida ni kushuka chini ya asilimia 7. Kwa taifa lenye mamilioni ya masufuria si kidogo. Wizara ya Kilimo na Wizara ya Afya, za Bara na za Zanzibar, zinapopanga ushuru na ruzuku za mafuta, zikae meza moja. Kilo ya mafuta hupimwa kwa bei tu, ilhali ndani yake mna gharama ya hospitali ya miaka 20 ijayo.

Mwezi wa Ramadhani nao una neno lake. Mfungo hufungua mlango wa ghala la mafuta, na kwa mtu mwenye afya hilo ni heri. Kwa mgonjwa anayetumia insulini laweza kuwa hatari, na sheria yenyewe imempa ruhusa mgonjwa. Lakini madhara mengi tunayoyashuhudia visiwani hayatoki katika kufunga, yanatoka katika kufungua: kaimati, visheti, bajia na sambusa zilizokaangwa katika mafuta yaliyochemshwa siku ya nne au ya tano. Mashehe na madaktari wangeweza kulisema hili pamoja mwezi wa Shaabani, kabla futari hazijaanza.

Wakazi wa Oldonyo Sambu wanajua maana ya kitu kisichoonekana. Maji yao yana floraidi nyingi, na kwa miaka mingi meno ya watoto yaligeuka rangi ya kahawia na mifupa ya wengine ikapinda kabla ya jamii kukubali kwamba maji yaliyo safi machoni yaweza kuwa na ila. Damu nayo haionyeshi mafuta yake kwa macho. Yapimwe.

Kwa hiyo tunataka mambo machache, na tunayataka kwa utaratibu. Kila kituo cha afya cha kata kiwe na njia ya kuchukua damu ya mgonjwa wa kisukari walau mara moja kwa mwaka, kuipeleka katika maabara ya wilaya au mkoa, kupimwa mafuta na wastani wa miezi mitatu, na majibu yarudi kijijini. Si mgonjwa apande gari kwenda Hospitali ya Mount Meru, au atoke Micheweni kwenda mjini, kufuata karatasi. Dawa za statini, ambazo mwaka 2004 uchunguzi wa wagonjwa 2,838 wa kisukari ulionyesha kwamba hupunguza mashambulio ya moyo na kiharusi kwa zaidi ya theluthi, zisiwe dawa za mjini pekee. Ushauri wa kupunguza mwili upewe wale walionenepa, na kwao una nguvu: nchini Uingereza, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, karibu nusu ya waliosimamiwa kupunguza uzito walikuwa wametoka katika kisukari, bila ya dawa, walipopimwa baada ya mwaka mmoja. Usitolewe kama kasuku kwa mgonjwa aliyekonda, nao ni wengi katika nchi yetu, ambaye tatizo lake ni upungufu wa insulini na pengine wa chakula chenyewe.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio hupitishwa mapema zaidi. Madiwani wa Halmashauri ya Arusha, na wenzao wa Unguja na Pemba, watakapokaa kuyapitia, tunawaomba wamuulize Mganga Mkuu wao swali moja na kuandika jibu lake katika kumbukumbu za kikao: mwaka huu, ni wagonjwa wangapi wa kisukari waliopimwa mafuta ya damu katika eneo letu, na ni wangapi kati yao walioambiwa majibu?